Morogoro Iliingia YouTube Bila Video

Andika jina la Mbaraka Mwinshehe kwenye YouTube sasa hivi. Nyimbo zipo kibao. Ila ukibonyeza, karibu zote utakuta picha moja tu imetulia tuli: jamaa kashika gita, au lebo ya santuri, au milima ambayo haijulikani ni Uluguru au ni ya nchi gani, na wimbo unapita dakika sita saba mpaka unaisha. Mtoto aliyezaliwa 2005 akiona hivyo anasema aliyepakia ni mvivu. Wala. Hiyo picha moja ni historia ya nchi nzima.

Tuanze na hesabu. Salum Abdallah, yule wa Cuban Marimba, alifariki 1965. Mbaraka, aliyetamba na Morogoro Jazz kabla ya kuhamia Super Volcano 1973, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Televisheni ya kwanza Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na ya rangi kabisa, lakini Bara serikali ya Mwalimu iliona ni anasa, na hela ya nchi maskini ilikuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo mji uliokuwa na bendi mbili zinazotunishiana misuli kila wikiendi haukuwa na kamera ya kuzichukua. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walisafiri mpaka Osaka, Japani, kwenye maonesho makubwa ya dunia, Expo 70. Leo msanii akienda Dubai siku mbili tu tunaletewa mpaka chai aliyokunywa kwenye ndege. Safari ya Osaka watu wa Msamvu na Mji Mpya waliisikia kwa redio na kwa mdomo, basi.

Kilichobaki ni sauti. Sauti za mikanda ya Radio Tanzania, na santuri zilizokuwa zikitengenezwa Nairobi kwa sababu Tanzania hakukuwa na kiwanda cha santuri.

Picha zinazotembea ziliingia mtaani kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya deki. Wadau wa chini ya miaka 25, deki ni ile mashine ya kuchezea mikanda ya video, mkanda mmoja una ukubwa wa kitabu. Miaka ya 1980 zililetwa na waliotoka Uarabuni au waliopitia Zanzibar, na mwenye deki mtaani alikuwa na heshima ya mwenye gari. Kutoka hapo vikazaliwa vibanda umiza: chumba cha mabati au turubai, mabenchi ya mbao yanayoumiza makalio (ndiyo maana ya jina), kiingilio cha shilingi chache, filamu ya Kihindi, ya Kichina, ya Kimarekani.

Na humo ndani kulikuwa na mtu ambaye historia ya video mtandaoni ingepaswa kumpa kiti cha mbele: mtafsiri. Aliyejulikana kuliko wote ni Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala. Anaongea juu ya filamu, anatafsiri, anachombeza, anaongeza mambo ambayo muigizaji hajayasema wala hana mpango wa kuyasema. Watu walikuwa wanachagua mkanda kwa sababu ya sauti yake, filamu yenyewe baadaye. Sasa hivi kijana anaweka uso wake pembeni ya video ya mtu mwingine, anacheka, anatoa maoni, anaitwa mbunifu wa maudhui. Huo mchezo tunaujua tangu kitambo, tena kwenye chumba chenye joto na jenereta inayokohoa nje.

YouTube yenyewe ilianzishwa Februari 2005 na vijana watatu waliofahamiana walipokuwa wakifanya kazi PayPal. Video ya kwanza, sekunde 19 tu, mmoja wao kasimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, iliwekwa Aprili 23 mwaka huo. Mwaka uliofuata Google wakainunua kwa dola bilioni 1.65. Mwaka huohuo wa 2005 Issa Michuzi alianzisha blogu yake, picha baada ya picha, na Watanzania wa nje na ndani wakawa wanaamkia hapo. Picha ilifunguka. Video? Sahau. Intaneti ya nchi ilikuwa inapitia satelaiti, na kwenye intaneti kafe ulikuwa unalipia saa nzima kuangalia kile kiduara kinavyozunguka.

Kilichobadilisha mambo kilipita chini ya bahari. Mkonga wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, mwaka uliofuata ukaja EASSy. Vifurushi vya simu vikaanza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, tukajifunza neno bando, na Morogoro, mji wa njia panda ya Dar, Dodoma na Iringa, haukuchelewa.

Hapa ndipo wanaingia watu ambao hakuna atakayewapa tuzo. Vijana wa steshenari. Ukitaka nyimbo unapeleka memori kadi, anakuuliza "za zamani au za sasa?", anakujazia folda nzima kwa buku. Folda ya "zilipendwa" ilitoka wapi? Mtu alichukua santuri ya babu, akairekodi kwenye kanda. Kanda ikaingizwa kwenye kompyuta, ikachomwa kwenye CD. CD ikawa MP3, MP3 ikaingia kwenye memori kadi, memori kadi ikaingia kwenye simu ya mtu aliyekuwa anajua kupakia YouTube. Akahitaji picha, kwa sababu YouTube haipokei sauti tupu. Akatafuta moja, akaibandika. Kazi ya dakika kumi.

Bila hao, nusu ya hizi nyimbo mngezijua kwa majina tu. Ila kwenye kila kituo kuna kitu kilidondoka. Kwanza jina la mtunzi, halafu mwaka, halafu mpiga solo, mwisho hata bendi. Ndiyo maana unakuta wimbo wa bendi moja umeandikwa jina la bendi nyingine, na makosa hayo yananakiliwa na chaneli kumi. Kama una babu au mjomba mwenye sanduku la santuri, kabla hujagusa kitufe cha kupakia piga picha lebo zote, mbele na nyuma. Yaliyoandikwa pale (bendi, mtunzi, namba ya santuri) yaandike yote kwenye maelezo. Huwezi kuyapata tena kwenye MP3.

Halafu hela. Tangu 2018, ili YouTube wakupe mgawo wa matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 wakafungua mlango mdogo wa wafuasi 500, lakini huo ni wa michango ya mashabiki, matangazo bado yanadai elfu moja. Ukishavuka, salio likifika dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa barua. Barua ya kweli, ya karatasi, yenye stempu. Hapo kijana aliyekulia kwenye WhatsApp anagundua kwamba hana S.L.P., na anaanza kuzunguka kuomba sanduku la kanisa, la shule, la ofisi ya shangazi. Na hata barua ikifika, hutoi kitu mpaka ufikishe dola 100.

Kwa nyimbo za zamani kuna mtego zaidi. Mfumo wa Content ID, ulioanza 2007, unasikiliza kila unachopakia na kulinganisha na rekodi ambazo makampuni yamesajili. Ukilingana, hela ya tangazo inakwenda kwa aliyesajili, na hilo mara nyingi si kosa linaloua chaneli. Malalamiko rasmi ya hakimiliki ndiyo yanayoua: matatu ndani ya siku 90, chaneli inafutwa na kila kilichomo. Mfumo hauulizi nani aliutunga wimbo akiwa Morogoro kwenye joto la Februari. Unauliza nani amejaza fomu. Familia ya mwanamuziki ambayo haijajaza inabaki kusikiliza kama sisi wengine, kwa bando lake.

Hapa nyumbani nako, Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui mtandaoni: ada ya maombi Sh. 100,000, leseni Sh. 1,000,000, na milioni nyingine kila mwaka. Blogu na televisheni za mtandaoni zote zikaingizwa humo, na Juni TCRA wakataka wasiosajiliwa wasimamishe kazi. Kwa kampuni ya Dar ni gharama ya biashara. Kwa mtu mwenye kanda arobaini na kompyuta moja ilikuwa mwisho wa mazungumzo, na kuna walioondoka kimyakimya. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baadaye, kwa hiyo angalia zilizopo sasa, usiishi na hofu ya 2018.

Mzinga pana somo lake. Kata hii ya pembeni ya manispaa ina mto unaoshuka Uluguru mpaka bwawa la Mindu, na mandhari ambayo ingependezesha hizo nyimbo kuliko maua ya mtandaoni. Jina lenyewe lina maana zaidi ya moja: mzinga wa nyuki, mzinga wa risasi, na huku mjini kupiga mzinga ni kuomba hela, kazi ambayo wenye chaneli wengi wanaifahamu. Ila kuna Shirika la Mzinga, la jeshi, lipo tangu miaka ya 1970, na sheria ya usalama wa taifa ya 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyolindwa. Droni nayo inahitaji kibali. Ukiona bango, zima simu, panda juu milimani ukapige huko.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu hiyo tungo za Salum Abdallah zilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2015, na za Mbaraka zimebaki humo mpaka mwisho wa 2029. Rekodi yenyewe ina hesabu yake tofauti, na YouTube wanafuata fomu zao. Familia, mashabiki na vijana wa steshenari wana muda mpaka hapo kuamua nani ataandika jina la nani kwenye kile kisanduku cha maelezo.