Mstari wa 65,536

Mwaka 2007 Excel ilibadili mafaili yake. Xls ya zamani, iliyobeba data na makro pamoja, ikapisha xlsx isiyokubali makro kabisa. Makro zikatengewa xlsm. Wengi tuliona usumbufu tu, tukawa tunarudisha kazi kwenye xls ili makro zetu zisife.

Kumbe kurudi nyuma kuna bei. Xls inaishia mstari wa 65,536. Mpya inafika 1,048,576. Kinachozidi hukatwa.

Oktoba 2020 Uingereza ilikiri kuwa watu 15,841 waliokutwa na korona hawakuingizwa kwenye hesabu za kila siku, chanzo kikiwa xls. Majibu yao walipewa, ila waliokutana nao hawakutafutwa mapema.

Siku hizi, kabla sijarudisha faili kwenye xls, nahesabu mistari kwanza. Makro baadaye.