Kichwa cha Mbwa Juu ya Bakora

Bakora za Uingereza za karne ya 19, zenye mpini wa fedha wenye sura ya mbwa, farasi au bata, hudhaniwa kuwa masalia ya malodi. Ukizichunguza chapa zake, dhana hiyo inayumba. Mara nyingi utakuta simba anayetembea, alama ya fedha yenye usafi wa sehemu 925 kwa 1,000, na kando yake nanga, alama ya Birmingham. Mji huo ulipata ofisi yake ya kupimia fedha mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda, kulihimiza Bunge. Birmingham ulikuwa mji wa karakana. Huko bamba jembamba la fedha lilikandamizwa ndani ya kalibu ya chuma, upande wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, kisha pande hizo zikaunganishwa kwa lehemu na uwazi wa ndani ukajazwa lami ili mpini usibonyee. Ukiushika utadhani umeshika fedha tupu, kumbe uzito mwingi ni wa lami. Kalibu moja ilitoa vichwa chungu nzima, vinavyofanana hadi ncha ya sikio, na kodi ya fedha ilipofutwa mwaka 1890 gharama ilipungua zaidi. Bidhaa ya namna hiyo humlenga karani na mwenye duka.

Kuna watakaosema kwamba wakubwa nao walizibeba, na ni kweli. Duka la Brigg, lililofunguliwa mwaka 1836 katika mtaa wa St James's, London, liliwahudumia hata watu wa kasri. Lakini tazama ni wanyama gani. Simba na tai wa ngao za ukoo ni wachache kuliko mbwa wa kuwindia, na mbwa wenyewe wametengenezwa kwa makini kiasi kwamba unaweza kutaja aina yao. Makini hayo yanaendana na enzi ya maonyesho ya mbwa, yaliyoanza Newcastle mwaka 1859, na ya Kennel Club, iliyoundwa mwaka 1873. Uwindaji ulihitaji mashamba na zizi. Asiye navyo aliweza walau kununua kichwa cha farasi.

Hoja nzito zaidi ni ya nembo za ukoo zilizonakshiwa kwenye baadhi ya bakora. Ila nembo hizo kwa kawaida zimo kwenye pete iliyo chini ya mpini, pale sonara alipoacha nafasi tupu kwa mnunuzi yeyote, na mara nyingi zaidi pete hiyo ina herufi mbili tu za jina.