Mgeni ana haki ya kufungua biashara gani Bukavu?

Kila mara mgeni anapofungua duka katika mji wetu, watu wanaanza kuulizana: huyu ana ruhusa ya kuuza hapa? Jibu linategemea anauza nini, na makaratasi yameandikwa kwa jina la nani.

Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 1990 ndiyo inapanga biashara ndogo ndogo. Inasema wazi kama biashara hiyo ni ya Wakongomani peke yao. Ni ile ya mwenye patanti: meza ya soko la Kadutu, kioske, kaduka ka kartie. Mgeni, hata akiwa na viza nzuri, hapashwi kupewa patanti.

Kwa biashara kubwa mlango uko wazi. Mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, muungano wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Tangu hapo mtu mmoja, hata kama si Mkongomani, anaweza kuanzisha kampuni ya SARL ikawa yake yote. Anapita kwenye Guichet Unique, anaandikwa katika daftari la biashara, ile RCCM, kisha anapata namba ya kodi. Viza ya kukaa anaiomba kwa DGM.

Lakini kampuni haifungui kila mlango. Kiwanja, kwa mfano: kufuatana na sheria ya 1973, konsesio ya milele ni ya raia tu. Mgeni anapewa ya muda, kama miaka 25 inayoweza kurudiliwa. Na kuchimba madini kwa mikono ni kazi ya Mkongomani mwenye karte. Mwezi wa 8 mwaka 2021, gavana Théo Ngwabidje alisimamisha kazi za kampuni za Wachina zilizokuwa zinachimba zahabu Mwenga, kisha wakaaji kulalamika sana.

Wazee wetu wakisikia habari hizi wanakumbuka tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kama maduka na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa Wazaire. Wagiriki, Wahindi, Wareno na Wabelgiji wakapoteza mali yao. Wengi waliopewa hawakuwa wachuuzi. Waliuza vitu vilivyokuwa ndani, hawakuleta vingine, na rayoni zikabaki tupu. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwaita wenyewe warudi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kujipanga kwingine. Kufukuza mgeni ni rahisi. Kujaza duka ndiyo kazi.

Siku hizi mgeni anayekatazwa biashara ndogo anatafuta jina la kuazima. Anamuomba Mkongomani, mara nyingi kijana asiye na kazi, akamate patanti kwa jina lake, na kila mwezi anamupa makuta kidogo. Kijana anaona ni pesa ya bure. Si ya bure: mbele ya serikali, mwenye duka ni yule aliyeandikwa. Kodi isipolipwa, ni yeye anayeitwa. Mgeni akikopa bidhaa kwa jina hilo kisha akavuka mpaka usiku, madeni yanabaki kwa kijana na familia yake. Na mgeni naye hana usalama, juu yule kijana anaweza kuamka asubuhi moja na kusema duka ni langu, na makaratasi yatamupa haki.

Kwa hiyo kama mtu anakuomba jina, uliza kwanza kwa nini hafungui SARL yake mwenyewe. Akijibu kama makaratasi ni bei kali, ujue bei hiyo anataka kukubebesha wewe.

Na tusisahau kama ng'ambo ya Ruzizi wageni ni sisi. Mama zetu wanaovuka kila asubuhi kuuza Kamembe nao wanaombwa makaratasi kule, na mwenye kutaka kufungua duka la kweli anapashwa kujiandikisha kwa RDB.