Rubavu: Nguzo za viwanda kando ya Ziwa Kivu

Gisenyi, mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, hufahamika zaidi kwa fukwe za Ziwa Kivu na mpaka wake na Goma. Hata hivyo, mji huu ni miongoni mwa vituo vikongwe vya viwanda nchini, na nguvu zake zimejengwa juu ya ziwa, udongo na mpaka.

Kampuni ya Bralirwa iliasisiwa mwaka 1957, na kiwanda chake cha bia kikaanza uzalishaji Gisenyi mwaka 1959. Mwaka 2011 ilikuwa kampuni ya kwanza ya ndani kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Rwanda.

Kiwanda hicho kilinufaika mapema na utajiri wa ziwa. Tangu mwaka 1963, gesi ya methani iliyovunwa Rubona ilitumika kuchemshia maji kiwandani. Gesi hiyo imeyeyuka katika maji ya kina kirefu. Maji yakipandishwa kwa bomba, mgandamizo hupungua na gesi hujitenga. Uvunaji huo una faida mbili: huleta nishati na, ukifanywa kwa uangalifu, hupunguza hatari ya gesi kulipuka kutoka ziwani, kama ilivyotokea Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986, ambako watu zaidi ya 1,700 walikufa.

Nguzo ya pili ni chai. Udongo wa volkano hustawisha mashamba yanayolisha kiwanda cha Pfunda. Kwa kuwa majani mabichi huharibika upesi, kiwanda hulazimika kuwa karibu na mkulima, na hivyo sehemu ya ajira husalia vijijini.

Nguzo ya tatu ni soko la Goma, mji wenye wakazi wengi kuliko Gisenyi. Wachuuzi huvuka mpaka kila siku, na Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, ndicho chombo chao cha biashara.

Nguzo hizi zina nyufa. Nyiragongo ulilipuka Mei 2021 na matetemeko yakabomoa majengo Rubavu. Mto Sebeya ulifurika Mei 2023. Na Januari 2025 makombora ya vita vya Goma yaliua raia upande wa Rwanda. Mpaka unapofungwa, mchuuzi wa kila siku ndiye hutangulia kuumia, kwani hana ghala wala akiba ya kumvusha.