Dirhamu Zilizotoka Udongoni

Mwezi wa Januari mwaka 2007, baba na mwanawe walikuwa shambani karibu na mji wa Harrogate, kaskazini ya Uingereza, wakipitisha juu ya ardhi chombo kile kiliacho kinapokuta metali. Kikalia. Walipochimba walikuta bakuli la fedha limejaa sarafu na udongo. Basi tazameni adabu yao, ndugu zangu: hawakuliosha wala hawakulimwaga, bali walilipeleka kwa wahusika na udongo wake.

Mafundi wa British Museum, London, walilipiga eksirei kwanza, ndipo wakatoa kitu kimoja kimoja na kuondoa kutu pole pole. Zilitoka sarafu za fedha 617, zilizofukiwa yapata mwaka 927, zama za Waviking. Na miongoni mwake (hili ndilo lililonisimamisha) zimo dirhamu za Kiislamu, mojawapo ya Samarkand. Dirhamu kama hizo zilipanda kaskazini kwa biashara ya manyoya na watumwa, zikiwa zimechorwa kalima ya shahada.

Nami nina kosa la kukiri. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni, tulichimba msingi tukaokota pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, ambayo huenda ilifika huku bara na misafara. Niliisugua kwa ndimu na mchanga ipate kung'aa. Iling'aa kweli, picha ya mizani ikabaki, jina la Sultani na mwaka vikafutika. Mwalimu wangu aliigeuza mkononi mara mbili, akanirudishia bila neno. Ninayo hata leo.