Njia ya Askari: Familia za Wanajeshi Wetu na Edgware Road

Kila mwaka tunapokusanyika kuadhimisha tarehe 12 Desemba, sahani za pilau zikishaondolewa na hotuba zikiisha, watoto huanza maswali. Mwaka jana msichana wa miaka kumi alimuuliza mama yake, sote tukisikia: "Mama, mbona mimi nina pasipoti ya Uingereza na kaka ana ya Kenya, na baba yetu ni mmoja?" Mama akasema, "Muulize baba yako." Baba akasema, "Muulize mama yako." Tukacheka. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa, na kwa kuwa tumeombwa kuandika historia katika jarida la mwaka huu, tumeona tuandike jibu lake. Ni refu kidogo. Watoto, vumilieni.

Tuanze na barabara. Edgware Road inatoka Marble Arch na kwenda kaskazini-magharibi, imenyooka kama uzi, maili baada ya maili hadi kufika Edgware yenyewe. Imenyooka hivyo kwa sababu ni njia ya jeshi. Warumi walipoitawala nchi hii, karibu miaka 2,000 iliyopita, walijenga hapo barabara ya kupitishia askari wao, na Waingereza wakaja kuiita Watling Street. Askari wa Kirumi nao walitoka nchi nyingi, Afrika Kaskazini ikiwamo. Kwa hiyo tulipokuja sisi, watu wa mbali waliovaa sare za dola ya wengine, barabara hiyo haikuwa ikituona mara ya kwanza.

Na mgeni hupotea hapo. Kuna stesheni mbili za chini ya ardhi zinazoitwa Edgware Road, moja huku na nyingine ng'ambo ya barabara kuu ya Marylebone, na hazikuunganika. Kisha kuna stesheni ya Edgware, mwisho kabisa wa laini ya Northern, ambayo ni mji mwingine. Mmoja wetu aliambiwa na mumewe, "Shuka Edgware," akashuka Edgware kweli, mtoto mgongoni na masanduku mawili mkononi, mume akiwa anamngoja karibu na Marble Arch. Walipoonana jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mwezi ulikuwa Januari. Hadi leo mzee huyo hukumbushwa.

Lakini familia za wanajeshi ziliitakia nini Edgware Road, wakati kambi ziko Aldershot, Tidworth, Colchester na Catterick? Kwanza, treni za kutoka Heathrow hufika Paddington, na kutoka Paddington hadi Edgware Road ni mwendo wa miguu, hata ukiwa na watoto. Pili, katika mtaa wa Seymour, hatua chache kutoka barabarani, iko Victory Services Club, klabu ya wanajeshi iliyoanzishwa 1907, ambayo vyumba vyake ni vya wanajeshi wa vyeo vyote, walioko kazini na waliostaafu, pamoja na jamaa zao. Baba aliyepewa ruhusa ya siku mbili kuja kupokea mke na watoto aliweza kuwalaza hapo usiku wa kwanza kabla ya safari ya kambini. Tatu, chakula. Mtu wa Aldershot hupanda treni hadi Waterloo, akaingia laini ya Bakerloo, akatokea Edgware Road bila kubadilisha. Hapo kuna nyama ya mbuzi iliyochinjwa kihalali, hiliki, bizari, tende, samli. Ukivuka uende soko la Church Street, utapata vitambaa na mboga. Waislamu na Wakristo wetu walikutana kwenye bucha zile zile, maana mbuzi hana dini akishafika kwenye sufuria.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hatukulitarajia. Siku moja mama mmoja wa Nakuru alikuwa kwenye foleni nyuma ya bibi aliyevaa abaya nyeusi, akiagiza kwa Kiarabu kitupu. Mjukuu wa bibi akashika chupa kwenye rafu. Bibi akageuka: "Weka hiyo! Hujambo wewe? Itavunjika!" Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, laini kama halua. Ni Mmanga wa Maskati mwenye asili ya Zanzibar, amekuja London kwa matibabu. Wakaongea nusu saa nzima, na nyama ikasahauliwa kwenye mizani.

Sasa twende kwenye jeshi. Watu wetu hawakuanza juzi kuvaa sare ya Uingereza. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho babu zetu walikiita Keya, kiliundwa 1902. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wapagazi waliandikwa kwa maelfu, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita vya Pili vikawapeleka babu Ethiopia, Madagaska na Burma. Wale walikwenda bila wake. Waliorudi walirudi, na kiinua mgongo chao kilipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu mbali, Mwasia mbali, Mwafrika mwisho.

Wimbi letu ni jipya. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliondoa sharti la kwamba raia wa Jumuiya ya Madola awe ameishi nchini miaka mitano kabla ya kuingia jeshini. Jeshi lilikuwa na upungufu wa watu. Vijana wa Fiji, Ghana, Gambia, Jamaika, Afrika Kusini na Kenya wakaanza kujaza fomu. Mlango huo ulikaa wazi hadi Julai 2013, ukarudishwa nusu, ukafunguliwa tena Novemba 2018. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na Iraki na Afghanistani, na vijana wetu walipelekwa kote kuwili.

Jambo tunalotaka watoto walielewe ni hili: kijana aliyekula kiapo alipigwa muhuri katika pasipoti uliosema kwamba sheria za uhamiaji hazimhusu maadamu yuko jeshini. Ulikuwa muhuri mmoja, naye akatulia. Mkewe na watoto hawakupewa muhuri huo. Wao walikuja kwa viza, kwa ada, kwa tarehe ya mwisho, na kwa maandishi yaliyosema wasiguse msaada wa serikali. Kwa hiyo chini ya paa moja la nyumba ya kambini walilala watu wa aina mbili, na wakati mwingine tatu.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kuhamahama. Unapewa nyumba, unapanda sukumawiki nyuma ya jikoni, na ikianza kutoa majani baba anahamishwa. Siku ya kutoka anakuja mkaguzi, anafungua oveni, anapitisha kidole juu ya mlango kutafuta vumbi. Tulikuwa tukikesha tukisugua, na mwanamke wa Kenya na wa Fiji na wa Nepali wakasaidiana zamu, leo kwako kesho kwangu. Watoto walibadili shule tatu kabla ya kufika darasa la nne. Wengine walijua Kiingereza cha Yorkshire kabla ya kujua kuwa kuna Kiingereza kingine.

Halafu zamu za Helmand, miezi sita kila moja. Kulikuwa na barua nyembamba za samawati zisizolipiwa stempu, na watoto wasiojua kuandika walichora nyumba na jua, wakampelekea baba. Mama alibaki na watoto wawili au watatu, bila mama mkwe, bila dada, bila jirani wa kumwambia, "Nishikie huyu nikaoge." Simu ikilia usiku, moyo ulisimama. Tulijifunza kwamba habari mbaya hailetwi kwa simu, inaletwa na watu wawili mlangoni. Tangu hapo tukawa tunaogopa kengele ya mlango badala ya simu. Baadhi yetu bado tunaiogopa.

Jumamosi moja kila mwezi au miwili, wale walioweza walishuka London. Ndipo Edgware Road ilipokuwa baraza letu. Watoto walizunguka meza, akina mama walibadilishana habari za viza. Mtu hakuwa na wakili, alikuwa na shangazi mmoja mwenye bahasha ya kaki ambaye alikwisha kupita njia hiyo na kuhifadhi kila karatasi, hata risiti ya gesi. Tungesema hapo ndipo chama hiki kilipoanzia, kabla hakijapata jina wala katiba.

Na mengi yalikuwa ya kubadilishana, maana sheria zilibadilika haraka kuliko misimu. Kuanzia Desemba 2013, mwanajeshi aliyetaka kumleta mke kutoka nje ilimpasa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Mtoto wa kwanza asiye raia aliongeza 3,800, na kila aliyefuata 2,400. Fanya hesabu ya mke na watoto wawili: pauni 24,800. Mshahara wa askari wa cheo cha chini aliyetoka tu mafunzoni haukufika hata kile kiwango cha mke peke yake. Kulikuwa na vijana waliolinda malango ya kasri huku watoto wao wakiwajua kwa picha.

Kisha siku ya kutoka jeshini. Muhuri unakufa siku ile ile. Mwanajeshi aliyetumikia miaka minne alikuwa na haki ya kuomba ukaazi wa kudumu, lakini haki ilikuwa na bei. Mwaka 2021 ada ilikuwa pauni 2,389 kwa kila mtu, kwa hiyo familia ya watu wanne ilihitaji 9,556. Waliokosa walikatazwa kufanya kazi na kupanga nyumba, nishani zikiwa kabatini. Mwaka 2020 wanajeshi wanane wa zamani kutoka Fiji walilipeleka jambo hilo mahakamani, na ingawa hawakushinda, kelele zilisikika. Tangu Aprili 2022 mwanajeshi aliyetumikia miaka sita au zaidi halipi ada hiyo. Mkewe na watoto waliachwa walipe. Tunaandika sentensi hiyo fupi hivyo kwa makusudi.

Hapa tunaomba kuwarudisha nyumbani kidogo, hadi Nairobi, kwa sababu Kenya yenyewe ina mkasa wa namna hii na hatuna haki ya kuwanyooshea Waingereza kidole kana kwamba sisi ni wasafi. Wanubi wa Kibra ni wajukuu wa askari wa Kisudani walioingizwa katika majeshi ya Waingereza tangu miaka ya 1890, wakaja na wake na watoto. Walikaa Kibra tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari alipewa hati ya ruhusa ya kulima na kukaa, siyo hati ya kumiliki. Utawala ulipoondoka na bendera yetu kupanda 1963, wajukuu wao walibaki bila ardhi kisheria, na kijana wa Kinubi akiomba kitambulisho aliitwa mbele ya kamati athibitishe babu yake ni nani. Hati ya ardhi ya jamii walipewa Juni 2017, nayo ni ya ekari 288. Mama mmoja Mnubi aliye miongoni mwetu, ambaye mumewe alitumikia jeshi la hapa, husema kwamba yeye amezaliwa katika foleni ya karatasi na amezaa katika foleni ya karatasi.

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama wanaume watatu wa shaba tangu 1928. Maandishi yao, Kiswahili kikiwamo, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Majina hayakuandikwa.

Sasa jibu, binti. Ukizaliwa hapa Uingereza na mzazi aliye katika majeshi ya nchi hii, tangu tarehe 13 Januari 2010 wewe ni raia tangu pumzi ya kwanza. Sheria ilibadilishwa. Kabla ya siku hiyo, mtoto wa askari wetu aliyezaliwa hapa hapa hakuwa raia, kwa kuwa ule muhuri wa baba haukuhesabiwa kuwa ni makazi. Wewe ulizaliwa baada yake. Kaka yako alizaliwa Mombasa, akaja na viza akiwa na miaka minne. Baba alipotoka jeshini pesa zilitosha ada ya mtu mmoja, kisha wa pili. Zamu ya kaka ilikuwa ya mwisho, kwa sababu yeye alikuwa mtoto na wazazi ndio waliotakiwa kufanya kazi. Hakuna aliyempenda pungufu.

Kaka mwenyewe alikuwepo siku ile, kijana mrefu, amekaa na simu yake. Tulidhani hasikii. Akainua kichwa akasema anaukumbuka usiku wa kwanza. Walitoka klabuni, baba akiwa amembeba mabegani, wakaingia Edgware Road, taa zimewaka, moshi wa mishikaki, wanaume wamekaa nje wanakunywa chai, wanawake wenye mabuibui. Alimpiga baba kichwani kwa furaha. Mama akadakia kutoka upande wa pili wa meza: "Alisema, 'Baba, kumbe tumerudi Mombasa!'"