Fundi Mwandamizi wa Wanyama wa Maabara

Fundi mwandamizi wa wanyama wa maabara ni mtaalamu anayesimamia malezi, uzazi, afya na, siku ikifika, kifo cha wanyama wanaotumika katika utafiti wa tiba. Si mtafiti, wala si daktari wa wanyama. Wote wawili humtegemea kwa jambo moja ambalo wao hawana nafasi ya kulifanya: kumwona kila mnyama kila siku, zikiwemo Jumapili na sikukuu. Makala haya yanaieleza kazi hiyo hasa kama inavyofanyika Uingereza, ambako sheria imeipa mahali pake, kisha yanaigusa Afrika Mashariki, ambako imechangia ugunduzi mkubwa bila kutajwa sana.

Jina na ngazi

Kiswahili hutumia neno moja, panya, kwa wanyama wawili ambao katika jengo la utafiti hawawekwi chumba kimoja. Wa kwanza ni panya mdogo, Mus musculus, ambaye akikomaa ana gramu 20 hadi 40. Wa pili ni panya mkubwa, Rattus norvegicus, ambaye dume lake hupita gramu 400 bila taabu. Mdogo humwogopa mkubwa hata kwa harufu tu. Humu, panya asiyepewa sifa ni yule mdogo, kwani ndiye anayeyajaza majengo haya. Mwaka 2023 taratibu za kisayansi zilizofanyiwa wanyama nchini Uingereza zilikuwa takriban milioni 2.68, na panya mdogo ndiye aliyeongoza, akifuatiwa kwa mbali na samaki, ndege na panya wakubwa.

Anayeanza kazi huosha vizimba, hujaza maji na kufagia. Baada ya mitihani na miaka kadhaa hupanda kuwa fundi, kisha mwandamizi. Mwandamizi hupewa vyumba vyake, hufundisha wageni wa kazi, hupanga nani apandishwe na nani, na mara nyingi ndiye anayeteuliwa kuwa msimamizi wa matunzo na ustawi wa wanyama. Jina la msimamizi huyo huandikwa kwenye leseni ya taasisi. Kwa hiyo akiona mnyama anaumia, humwita daktari wa wanyama moja kwa moja, hata kama mtafiti mwenye mradi ni profesa na yeye hajawahi kukanyaga chuo kikuu.

Ilikotoka

Kazi hii ilianzia kwenye ufugaji wa mapambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Abbie Lathrop alifuga panya shambani kwake Granby, Massachusetts, akiwauzia watu wanaowapenda kama kuku wa urembo, kisha wanasayansi wakaanza kuagiza. Aliandika daftari za uzazi kwa uangalifu. Alipoona vidonda vya ajabu kwenye ngozi za baadhi yao alituma sampuli kwa wataalamu, vikabainika kuwa saratani, na yeye na mtaalamu wa magonjwa Leo Loeb wakachapisha tafiti pamoja. Alifariki mwaka 1918. Ukoo wa C57BL/6, panya mweusi anayetumika leo karibu kila maabara duniani, ulianzishwa na Clarence Cook Little mwaka 1921 kutokana na panya wa shamba hilo. Lathrop hakuwahi kuitwa fundi mwandamizi, lakini alichokifanya ndicho hasa cheo hiki kinachodai.

Uingereza ilikuwa na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama wa majaribio tangu 1876. Chama cha mafundi wa wanyama kilianzishwa mwaka 1950, na leo ndicho taasisi inayotoa vyeti vya taaluma hii, Institute of Animal Technology (IAT). Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walitoa kitabu kilichopendekeza mambo matatu: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi, na kuboresha utaratibu ili maumivu yapungue. Sheria ya 1986 ikaleta leseni tatu: ya taasisi, ya mradi na ya mtu binafsi. Ilirekebishwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2010, na marekebisho yakaanza kazi tarehe 1 Januari 2013. Kati ya mambo yale matatu ya Russell na Burch, mafundi wana mkono mkubwa zaidi katika la tatu. Mtafiti huamua kama mnyama atumike, lakini namna mnyama huyo atakavyoishi hadi siku hiyo iko mikononi mwa fundi.

Mzunguko wa asubuhi

Fundi huacha nguo za nyumbani nje, mara nyingi huoga, huvaa suruali na koti la kazi, kofia, barakoa na glavu. Kinachoogopwa si panya kumwambukiza mtu peke yake. Wanyama hawa wanalindwa dhidi ya vijidudu ambavyo mtu hata havihisi, na kirusi kimoja kikiingia chumbani kinaweza kuharibu utafiti wa miaka mitatu. Chakula na maranda ya kulalia hupitishwa kwenye joto la mvuke kabla ya kuingia.

Ndani, joto ni nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, unyevu ni kati ya asilimia 45 na 65, na taa huwaka kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12. Vizimba ni vya plastiki angavu, vimepangwa kwenye rafu kama droo, kila kimoja kikiingiziwa hewa iliyochujwa. Chumba kimoja kinaweza kuwa na mamia ya vizimba. Mwandamizi hupita akivitazama kimoja kimoja, na asiyeijua kazi angedhani anakagua shehena.

Anachotafuta ni kilichobadilika. Kiota kwanza. Panya huona raha kwenye joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo chumba chenye nyuzi 22 kwao ni baridi, nao hujijengea kwa karatasi au nyuzi za pamba wanazopewa. Kiota kilichopangwa vizuri, kirefu kama bakuli lenye mfuniko, ni dalili njema. Karatasi zikibaki zilivyowekwa jana, kuna jambo. Halafu manyoya: yaliyosimama, yasiyolambwa, ni ya mgonjwa. Sharubu zilizokatwa fupi kwa wote isipokuwa mmoja maana yake huyo mmoja ndiye kinyozi. Vidonda vya mkiani na makalioni kwa madume ni ugomvi. Hapo kuna siri ya kazi iliyothibitishwa baadaye na watafiti: ukibadilisha kizimba, hamisha kiota cha zamani lakini usihamishe maranda yenye mkojo. Harufu ya kiota huwatuliza. Ya mkojo huwachokoza waanze kupigania mipaka upya.

Kizimba chenye watoto huchukua muda zaidi. Mimba ni siku 19 hadi 21, na vitoto huzaliwa vyekundu, uchi, macho yamefumba, kila kimoja kikiwa na gramu moja na ushei. Ngozi yao ni nyembamba kiasi kwamba tumbo lililojaa huonekana kwa nje kama doa jeupe upande wa kushoto. Fundi huliita doa la maziwa. Chenye doa kimenyonya, kisicho na doa kinahitaji kutazamwa tena mchana. Hufungua mfuniko polepole, husogeza kiota kwa kidole kilichofutwa kwanza kwenye maranda ya kizimba kilekile ili mama asishangae harufu, huhesabu, hufunga. Sekunde kumi. Siku ya 21 watoto hutenganishwa na mama, madume huku na majike kule, kwa kupima kwa jicho umbali kati ya sehemu ya siri na mkundu. Mgeni wa kazi hukosea hapa, na kosa hugundulika wiki chache baadaye, kizimba cha majike kinapozaa.

Ajali inayoogopwa na kila mwandamizi ni ya kawaida kabisa: chuchu ya maji iliyokwama wazi. Inadondosha usiku kucha, maranda hulowa, na asubuhi panya hukutwa wamejikunyata kwenye kona moja iliyobaki kavu, wakitetemeka. Waliokomaa hupona wakiwekwa kwenye joto. Vitoto mara nyingi havisubiri. Ndiyo maana wengi hugusa sakafu ya kizimba kwa nje, hata pale kompyuta inaposema kila kitu ni salama.

Mkono ndani ya matokeo

Kwa muda mrefu malezi yalichukuliwa kuwa kazi ya pembeni, isiyohusiana na sayansi yenyewe. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichapisha jaribio la kufikirisha. Koo zilezile za panya zilipimwa kwa vipimo vilevile, kwa vifaa vilivyolinganishwa, katika maabara tatu: Portland, Albany na Edmonton. Matokeo yakatofautiana katika baadhi ya vipimo. Kule Edmonton, mmoja wa wapimaji alikuwa na mzio mkali wa panya na alivaa kofia ya kupumulia. Hakuna ajuaye panya waliionaje.

Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia, njia iliyofundishwa kwa vizazi, huwa na wasiwasi zaidi kuliko anayeingia mwenyewe kwenye kibomba cha plastiki au anayebebwa ndani ya viganja. Mwaka uleule kundi la Jeffrey Mogil huko McGill lilitoa kipimo cha maumivu kwa uso wa panya: macho kufinywa, pua na mashavu kuvimba, masikio na sharubu kubadilika, kila dalili ikipewa alama 0 hadi 2. Mafundi wengi waliosoma kipimo hicho walikuwa wakikitumia tayari, bila namba.

Hatari na kifo

Hatari kuu ya mwilini ni mzio. Protini za mkojo wa panya hukauka, hupeperuka na vumbi la maranda, na mfanyakazi huanza na mafua, kisha kukohoa, wengine hadi pumu inayowalazimisha kuiacha kazi. Maambukizi ni nadra zaidi lakini ni mabaya. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda walifikishwa Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, ili figo zao zitumike katika kutengeneza chanjo. Waliogusa damu na viungo vyao waliugua homa isiyojulikana. Watu 31 waliambukizwa, 7 wakafa, na virusi vikapewa jina la mji wa Marburg.

Kuna uzito mwingine usiopimwa maabarani. Fundi yuleyule aliyehesabu madoa ya maziwa ndiye atakayeua, mara nyingi kwa gesi ya kaboni dioksidi inayoongezwa taratibu au kwa kutenganisha shingo kwa mkono. Sheria ya Uingereza inataja njia zinazoruhusiwa, na inataka kifo kithibitishwe kabla mzoga haujaondolewa. Kabla ya hapo huwekwa kikomo: kwa mfano, mnyama aliyepoteza asilimia 20 ya uzito hasubirishwi hata kama takwimu bado hazijatosha. Kukitaja kikomo hicho mbele ya mtafiti anayeomba siku mbili zaidi ni sehemu ngumu ya cheo, ngumu kuliko kuua kwenyewe, kwa maana mkono ukishazoea hautetemeki. Taasisi nyingine siku hizi huwapa mafundi nafasi ya kuzungumza juu ya uchovu huu. Nyingine zinaendelea kuwaambia wasiwape wanyama majina. Huwapa.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa nyani na tumbili kilichoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 kinaendelea hadi leo karibu na Nairobi. Lakini historia kongwe zaidi iko Entebbe, ambako wakfu wa Rockefeller ulianzisha kituo cha homa ya manjano mwaka 1936. Virusi vya chikungunya, jina lenye asili ya Kimakonde, vilitengwa huko kwa kutumia panya baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, Newala.

Miaka mitano kabla ya mlipuko huo, kituo kilikuwa kimeweka kima wa Kiasia aina ya rhesus ndani ya vizimba juu ya majukwaa katika msitu wa Zika, ili mbu wawaume. Walipimwa joto kila siku. Tarehe 18 Aprili 1947, kipimajoto cha kima nambari 766 kilisoma nyuzi 39.7. Damu yake ilichukuliwa na kudungwa kwenye ubongo wa panya weupe, nao wakaugua. Ripoti ya George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow iliyotoka mwaka 1952 inaitaja nambari ya kima na nyuzi zake.

Virusi hivyo vikaitwa Zika, kwa jina la msitu ambako mtu fulani alipanda ngazi siku ile akiwa na kipimajoto.